Mate ya fangasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu protini wanazotema na ukali wa magonjwa yao

Maswali haya nimeulizwa darasani, kwenye foleni ya duka la dawa, sokoni Mabibo, na mengi kwa ujumbe wa simu kutoka kwa wanafunzi wa Mlimani na Muhimbili. Dar es Salaam ni jiji la joto na unyevu, na fangasi tunaishi nao: kwenye ukuta wa bafu, kwenye viatu vilivyokaa mvunguni masika nzima, kichwani kwa mtoto, mdomoni kwa mgonjwa. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu huniuliza tena na tena, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni fupi.

Fangasi anatema protini kwa nini?

Kwa sababu hana mdomo wala tumbo. Sisi tunaingiza ugali ndani kwanza, halafu tunaumeng'enya. Fangasi hufanya kinyume: anamwaga vimeng'enya vyake nje, juu ya chakula, vikishakilainisha na kukikata vipande vidogo ndipo anavinyonya kupitia ukuta wa seli yake. Mkate uliosahaulika kabatini unapoanza kulegea na kunuka chini ya ule unyoya wa kijani, ujue umeshaanza kumeng'enywa palepale ulipo.

Vimeng'enya karibu vyote ni protini. Kwa hiyo kutema protini ndiyo njia yake ya kula, na alikuwa akila hivyo kwenye majani makavu na udongo muda mrefu kabla ya kumgusa binadamu. Mimi huziita protini hizi mate ya fangasi, na nitaendelea kuziita hivyo humu, kwa sababu jina hilo linaeleweka haraka. Ugonjwa huanza pale ambapo chakula kilicho chini ya mate hayo ni ngozi, ukuta wa mdomo, au mzizi wa mgomba.

Protini inatokaje ndani ya seli mpaka nje? Seli si imefungwa?

Imefungwa, ndiyo. Ila kila protini inayotakiwa kwenda nje hutengenezwa ikiwa na kipande maalumu mwanzoni mwake, kwa kawaida asidi amino (vijenzi vya protini) kati ya 15 na 30 hivi. Kipande hicho ni kama kibao cha daladala. Gari likiandikwa Mbagala–Kariakoo, kila mtu kituoni anajua linakoelekea. Mitambo ya seli inasoma kibao, inaipeleka protini kwenye mfumo wa vifereji vya ndani, na huko kibao hukatwa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Kisha protini inakunjwa vizuri, mara nyingi inabandikwa sukari, inapakiwa kwenye vifuko vidogo na kusafirishwa hadi ukingoni. Kwa fangasi wenye nyuzi, vifuko vingi hukimbilia ncha ya uzi, ileile inayokua na kupenya. Hapo ndipo mate yanapohitajika zaidi.

Zipo protini zinazotoka bila kibao, kwa njia nyingine ambazo bado zinachunguzwa, zikiwemo vifuko vinavyopita kwenye ukuta wa seli vikiwa vizima.

Kwa hiyo kila fangasi anayetema ni hatari?

Hapana. Hamira unayoumulia mandazi ni fangasi, anatema, na hajakudhuru. Aspergillus oryzae hufugwa viwandani hasa kwa sababu ya wingi wa vimeng'enya anavyovitoa. Ukali wa ugonjwa unategemea anatema nini, wapi, kwa kiasi gani, na mwili wa mwenyeji una nguvu kiasi gani siku hiyo.

Mtoto wangu ana utando mweupe mdomoni. Mate ya fangasi yanahusikaje?

Utando huo mara nyingi ni Candida albicans, ambaye wengi wetu tunaye mdomoni au tumboni bila kujua. Akiwa ametulia huwa na umbo la duara kama hamira. Akipata nafasi, mathalani kwa mtoto mchanga, mtu aliyemaliza dozi ndefu ya antibayotiki, mwenye kisukari au aliyepungukiwa kinga, hurefuka na kuwa nyuzi, na nyuzi hizo huanza kupenya ngozi laini ya mdomo. Mabadiliko hayo ya umbo huja pamoja na mabadiliko ya mate.

Kundi la kwanza kujulikana lilikuwa la vimeng'enya vinavyokata protini, vinavyoitwa Sap. Vinatokana na jeni 10, yaani maelekezo 10 ya kurithi yaliyomo ndani ya seli. Baadhi hufanya kazi vizuri kwenye asidi, vingine karibu na hali ya kawaida, ndiyo maana fangasi huyu anaweza kula mdomoni, ukeni na tumboni. Vina uwezo wa kukata protini za ngozi na hata kingamwili tunazozimwaga kwenye mate yetu wenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba Sap ndizo zinazoharibu ngozi.

Halafu mwaka 2016 ikaja habari iliyobadilisha somo zima. Watafiti wa King's College London na wenzao wa Jena, Ujerumani, walionyesha kwamba kinachotoboa seli za ngozi ya ndani ni kipande kidogo sana cha protini chenye asidi amino 31 tu. Wakakiita kandidalisini. Fangasi hutengeneza protini ndefu iitwayo Ece1, anaikata kwa mkasi wake wa ndani vipande 8, na kipande cha 3 ndicho hicho. Kikimwagwa kati ya uzi wa fangasi na seli ya mtu, kinajipachika kwenye utando wa seli na kuufungulia vitundu. Candida aliyeondolewa jeni ya Ece1 bado anarefuka na bado anapenya, lakini hadhuru. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko wote katika eneo hili: uzi upo, umeingia ndani, na seli iko salama kwa kuwa kitu kimoja kidogo hakipo.

Jeni yenyewe ilikuwa imejulikana tangu 1993. Ilikaa zaidi ya miaka 20 kwenye orodha za jeni zinazowaka wakati fangasi anarefuka, na hakuna aliyejua kazi yake. Wanafunzi wanaokata tamaa kwa sababu jeni yao haijulikani kazi, nawaomba waikumbuke hii.

Mama mwenye mtoto: utando usiotoka kwa kufutwa, au mtoto anayekataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya. Dawa ipo na ni ya kawaida.

Fangasi wa ukeni wanaweza kuwa wachache tu kipimoni, mbona muwasho unakuwa mkali hivyo?

Hili naulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili kujibiwa wazi. Wanawake wapatao 3 kati ya 4 hupata tatizo hili angalau mara moja maishani, na kulipata hakumaanishi uchafu wala uasherati.

Muwasho, wekundu na uvimbe huletwa kwa sehemu kubwa na mwili wako wenyewe. Kandidalisini ikigusa seli za ukuta wa uke, seli hizo hupiga kelele ya kemikali, na askari weupe wa damu humiminika pale. Askari hao hawafanikiwi sana kumuua fangasi mahali hapo, ila wanaacha uvimbe na maumivu. Ndiyo maana wanawake wawili wanaweza kuwa na fangasi kiasi kilekile na mmoja asihisi kitu. Tofauti ni kama fangasi amerefuka na kutema, na kama seli zimeyasikia hayo mate.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linarudi katika majibu mengi yanayofuata. Protini inayomsaidia fangasi kushambulia ndiyo hiyohiyo inayomtangaza kwamba yupo. Akinyamaza hapati kula; akila anasikika.

Nimesikia ARV fulani zilipunguza fangasi mdomoni zenyewe. Kweli?

Kuna ukweli ndani yake. Virusi vya UKIMWI vina mkasi wao wa kukatia protini, na mkasi huo ni wa ukoo mmoja na Sap za Candida. Zilipoanza kutumika dawa za kuuzuia mkasi wa virusi, kama ritonavir na indinavir, madaktari waliona utando mweupe ukipungua kwa wagonjwa. Sababu kubwa ilikuwa kinga kurudi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba dawa hizo huzizuia pia baadhi ya Sap moja kwa moja, ingawa kwa dozi kubwa kuliko inayohitajika kwa virusi.

Mseto wa kwanza unaotumika sasa Tanzania una dolutegravir, ambayo haizuii mkasi huo. Kwa hiyo usitegemee ARV yako kutibu fangasi, na usiombe kubadilishiwa dawa kwa sababu hiyo. Inywe kila siku. Kinga ikipanda, fangasi anarudi kuwa mpangaji mtulivu.

Mapunye nayo ni mate?

Ni mate kabisa, na ya aina ya pekee. Fangasi wa mapunye na choa, kama Trichophyton na Microsporum, wanakula keratini, ile protini ngumu ya nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Viumbe wachache sana wanaweza kuila. Keratini imefungwa kwa viungo vya salfa vinavyoishikilia kama mshono, na mkasi wa kawaida haupenyi. Dawa ya nywele ya saluni hubadilisha umbo la nywele kwa kuvivunja viungo hivyohivyo. Fangasi anafanya hivyo kwa kemia yake: anatoa salfaiti kupitia pampu kwenye utando wa seli, viungo vinaachia, kisha anamwaga vimeng'enya vya kukata, baadhi vikianzia katikati ya mnyororo wa protini, vingine vikimalizia ncha. Nywele inakatika, kichwa kinabaki na mabaka.

Duara la choa lina maelezo yake hapa. Fangasi anaenea kwenda nje akila, na ngozi inawaka pale alipo sasa hivi, yaani ukingoni, huku katikati kukianza kupoa.

Hapa nina jambo linaloniuma. Mafuta mengi ya mchanganyiko yanayouzwa mtaani kwa ajili ya choa yana steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ndani yake. Ukipaka, muwasho unaisha siku ya pili na unaamini umepona. Kilichotokea ni kwamba ngozi imezibwa masikio. Haiyasikii tena yale mate, haiwaki, haiiti askari, na fangasi anaendelea kula kwa amani. Baada ya wiki chache duara limepotea, limekuwa baka kubwa lisilo na umbo, na hata daktari mzoefu anaweza kulikosea. Tafadhali soma majina ya dawa kwenye kasha. Ukiona betamethasone au clobetasol, usimpake mtu mwenye choa bila daktari kusema hivyo.

Na mapunye ya kichwani hayatoki kwa mafuta peke yake, kwa sababu fangasi yuko ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa. Mashine ya kinyozi, kitana na kofia vikipita kichwa hadi kichwa, darasa zima linapata.

Homa ya uti wa mgongo inaletwaje na fangasi anayepumuliwa kutoka vumbini?

Cryptococcus neoformans anapatikana kwenye udongo, miti na kinyesi cha njiwa. Tunamvuta hewani, na mwili wenye kinga humzima au humfungia mapafuni. Kinga ikishuka sana, anaingia kwenye damu na kwenda kwenye ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana, na watafiti walijiuliza kwa muda mrefu anaupitaje.

Sehemu ya jibu ni protini mbili. Ureasi hukata urea na kutoa amonia. Panya walioambukizwa fangasi asiye na ureasi hufa wachache, na fangasi huyo hunasa kwa shida kwenye mishipa midogo ya ubongo. Ya pili ni Mpr1, kimeng'enya cha kukata protini chenye madini ya zinki ndani yake. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba fangasi asiye nacho anashindwa kuvuka ukuta ule. Kisha watafiti wakaiweka jeni hiyo ndani ya hamira, ndiyo, hamira ileile ya maandazi, na hamira ikaweza kuvuka ukuta wa seli uliotengenezwa maabara. Kila nikilisimulia hili darasani, chumba kinanyamaza.

Nje ya mate kuna silaha nyingine: gamba la sukari linalomfunika. Kipimo cha haraka cha CrAg kinatafuta sukari ya gamba hilo kwenye damu au maji ya uti wa mgongo, hakitafuti protini. Wanafunzi huchanganya mara nyingi.

Dar es Salaam ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu, na inafaa tuijue. Utafiti uliofanyika hapa na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watu 1,999 wenye VVU waliochelewa kuanza matibabu, CD4 zao (seli za kinga kwenye damu) zikiwa chini ya 200. Waliopimwa CrAg mapema na kutembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii wiki za mwanzo walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28. Hakikuhitajika kifaa cha ajabu. Kipimo kidogo na mtu wa kubisha hodi. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba ugonjwa huu uliua watu wapatao 112,000 wenye VVU duniani, karibu kifo 1 katika kila vifo 5 vinavyohusiana na UKIMWI. Kwa hiyo ndugu yako mwenye VVU akiumwa kichwa kisichoisha kwa siku nyingi, usimnunulie panadol tena. Mpeleke.

Fangasi mweusi wa wakati wa korona India, yeye anatumia nini?

Huyo ni wa kundi la Rhizopus na jamaa zake, na aliwavamia hasa wenye kisukari kisichodhibitiwa waliopewa steroidi nyingi. Mwaka 2021 ilitangazwa sumu yake ya protini, mukorisini, ambayo inafanana na risini, sumu ya mbegu za mbarika. Inazuia seli kutengeneza protini na inaivujisha mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye nyuzi zenyewe, kidogo tu ndicho hutemwa, hivyo inakaa mpakani mwa mada yetu.

Na sumukuvu ya mahindi na karanga? Ni protini?

Si protini. Ni molekuli ndogo inayotengenezwa na Aspergillus flavus, haimeng'enywi kama protini, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Vimeng'enya anavyotema fangasi huyu vinamsaidia kuingia kwenye punje. Kinachodhuru ini la mlaji ni sumu hiyo ndogo. Kausha mahindi vizuri, tenga punje zilizovunda, usizisage za mifugo wala za uji wa mtoto.

Mimi ninauza ndizi Mabibo. Haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Ukienda Mahakama ya Ndizi asubuhi na kuulizia ndizi aina ya kisukari, bei yake inategemea mashamba yaliyo mamia ya kilomita kutoka hapa, na kisukari ni moja ya aina zinazouawa na mnyauko fuzari. Fangasi wake, Fusarium oxysporum, anaishi udongoni miaka mingi, anaingia kwa mizizi, anapanda kwenye mirija ya maji ya mgomba. Majani yanakuwa manjano kuanzia ya chini, yanavunjika kwenye shingo na kuning'inia kama sketi. Ukikata shina unaona pete za kahawia.

Watafiti wa Amsterdam walichukua maji ya ndani ya mirija ya nyanya zilizoambukizwa na jamaa wa fangasi huyu, wakatafuta protini ambazo si za nyanya. Walizikuta protini ndogo alizotema humo, na wakaziita SIX. Ya kwanza ilielezwa mwaka 2004, na sasa zinahesabiwa 14. Tofauti na vimeng'enya vya kula, hizi hazikati chakula. Kazi yake ni kuchezea kinga ya mmea kutoka ndani. Wataalamu huziita efekta.

Mwaka 2010 likatolewa jaribio ambalo mkulima yeyote anapaswa kusimuliwa. Fangasi mkali wa nyanya alioteshwa pamoja na mwenzake asiye na madhara, kwenye sahani moja. Baadhi ya wale wasio na madhara walipokea kromosomu nzima kutoka kwa jirani, kromosomu iliyobeba jeni za SIX, na wakaanza kuua nyanya. Fangasi wanaweza kurithishana silaha bila kuzaana. Tunapokataza kuhamisha vichipukizi vya migomba na udongo kutoka shamba lenye ugonjwa, sababu ni hii pia: hujui udongo huo utakutana na nani. Aina kali iitwayo TR4, inayoua hata ndizi aina ya Cavendish, iligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Hapo ni jirani.

Angalia tusichanganye na mnyauko bakteria, ambao tunda lake huiva kabla ya wakati na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ule si fangasi.

Mmea hauna damu wala askari. Unayasikiaje hayo mate?

Kila seli ya mmea inajilinda yenyewe. Nje ina vipokezi vinavyonusa vitu vya kawaida vya fangasi, hasa kaitini, malighafi ya ukuta wake. Mmea hutoa vimeng'enya vya kuukata ukuta huo, na vipande vikiruka, vipokezi vinapiga kengele. Fangasi naye ametafuta namna. Yule wa ukungu wa majani ya nyanya hutema protini iitwayo Ecp6 inayozishika chembe za kaitini kwa nguvu na kuzificha kabla hazijanuswa. Fangasi wa blasti ya mpunga anayo ya ukoo huohuo, Slp1.

Huyu wa mpunga ananishangaza mpaka leo. Mbegu yake ikitua kwenye jani lenye umande hutengeneza kifuko cheusi kinachojaza shinikizo linalofikia mara 80 ya lile la hewa tunayovuta, zaidi ya mara 30 ya tairi la gari, na kwa shinikizo hilo anatoboa jani. Baada ya nguvu hiyo yote anaingia kimyakimya, na kazi ya ndani anaiachia mate.

Ndani ya seli mmea una walinzi wa pili wanaotambua efekta mojamoja. Harold Flor, akifanya kazi na kutu ya kitani huko North Dakota, Marekani, katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba kwa kila jeni ya kinga kwenye mmea kuna jeni inayolingana nayo kwa fangasi. Efekta ikitambuliwa, seli hujiua na fangasi anakwama. Efekta ikibadilika kidogo au ikipotea, mbegu iliyoitwa sugu jana inalala leo. Mkulima anayeambiwa mbegu mpya "haiugui", kisha baada ya misimu michache inaugua, hakudanganywa lazima. Huenda fangasi wa shamba lake ameacha kutema kitu kimoja.

Nyongeza kwa wapenzi wa kahawa: fangasi wa chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, anaitwa Colletotrichum kahawae, na jina hilo la pili limetoka kwenye neno letu kahawa.

Mnajuaje kuwa ni protini hiyo, na si nyingine?

Kuna kanuni iliyoandikwa na Stanley Falkow mwaka 1988 kwa ajili ya bakteria, nasi tunaifuata. Ondoa jeni, ugonjwa upungue. Irudishe, ukali urudi. Ukishindwa hatua ya pili, usitangaze.

Na hata ukifuata kanuni unaweza kukosea. Majaribio ya zamani ya kuondoa jeni za Sap yalionyesha ukali ukishuka sana. Baadaye ikagundulika kwamba alama iliyotumika kufanyia upasuaji huo wa jeni, URA3, yenyewe ilikuwa inapunguza ukali ikiwekwa mahali pasipofaa. Majaribio yaliporudiwa kwa njia safi, mchango wa Sap katika kupenya ukuta wa mdomo na uke ulionekana mdogo kuliko ilivyofundishwa. Tatizo lingine ni wingi: ukitoa moja kati ya kumi, tisa zinaziba pengo.

Ipo dawa au chanjo inayolenga protini hizi?

Iliyoidhinishwa kwa binadamu, hakuna. Fluconazole na clotrimazole huvuruga utengenezaji wa ergosteroli, aina ya mafuta ya utando wa fangasi, amphotericin B huishika ergosteroli hiyo, na dawa za ukoo wa caspofungin huzuia ujenzi wa ukuta. Chanjo ya fangasi ya binadamu bado haijapitishwa hata moja. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wanaohitaji utafiti wa haraka, na daraja la juu kabisa wamo wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

Mimi naamini kulenga mate ni njia yenye busara, kwa sababu dawa inayomnyang'anya fangasi silaha bila kumuua inaweza kumpa sababu ndogo ya kuwa sugu. Hiyo ni imani yangu. Ushahidi kwa wagonjwa unasubiriwa.

Ni mwanafunzi, chuo chetu hakina vifaa vikubwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kompyuta. Jenomu za fangasi wengi ziko wazi mtandaoni, na programu kama SignalP na EffectorP hutumika bure: ya kwanza inatafuta kile kibao cha daladala, ya pili inakisia kama protini ni efekta. Mwanafunzi mwenye bando na subira anaweza kupata orodha yake ndani ya wiki. Ukitaka kuona kazi yenyewe, waombe walimu wakuonyeshe njia ya MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), Mlimani au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mikocheni, palipo na watu wa bayoteknolojia ya mimea.

Kisha omba maabara ya shule sahani tatu, chini ya usimamizi wa mwalimu na bila kutumia sampuli za wagonjwa. Ya kwanza changanya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) na maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Inakuwa nyeupe, na fangasi anayetema vimeng'enya vya kukata protini ataifanya ing'ae kumzunguka. Ya pili tia kiini cha yai. Anayetema fosfolipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta ya utando wa seli, atazungukwa na ukungu mzito. Ya tatu tia urea na rangi ya kupimia asidi. Mwenye ureasi ataigeuza kutoka manjano kuwa waridi. Otesha ukungu wa mkate na hamira ubavu kwa ubavu, funika, weka mahali pa joto, ambalo Dar halikosekani. Baada ya siku mbili au tatu chukua rula, pima upana wa kundi la fangasi, halafu pima upana wa duara lililo nje yake, mahali ambapo uzi wenyewe haujafika.